Karoti Hazihamishwi

Dada yangu na mimi tunagombana kila asubuhi, na anayetaka kutuonea huruma apeleke huruma yake kwingine. Tumegombana tangu nilipojua kusema. Yeye ni kifungua mimba, mimi ni kitinda mimba, na waliozaliwa katikati yetu kila mmoja alishika njia yake, wakatuachia nyumba ya wazazi na kiwanja kidogo cha nyuma chenye udongo mweusi, ule ambao ukiufinyanga kiganjani unashikamana kidogo kisha unaachia. Mume wake alifariki, mke wangu alifariki, watoto wetu wako mbali pamoja na watoto wao. Basi tukarudi tulikoanzia. Mpaka leo ananiita Kitinda, ingawa mimi mwenyewe ni babu wa watu.

Alikuwa mkunga. Nusu ya mtaa huu walipita mikononi mwake kabla ya kufika kwa mama zao, na akikutana nao barabarani bado anawauliza kama wanapata choo vizuri, hata wenye ndevu. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Kwa hiyo bustani yetu ina vitanda vya kupandia vya aina mbili, na mgeni akiingia hana haja ya kuuliza kipi ni cha nani. Vyangu vimenyooka. Nafunga kamba kwenye vijiti, nachora mfereji, napanda, na nikilitilia shaka jicho langu natoa futi mfukoni.

"Unavipima utafikiri unavikatia suti," husema Dada.

Vyake vimejaa pomoni. Yeye mstari haujui. Anachota mbegu kiganjani, anazitawanya, anazifunika kwa udongo kidogo, anaupapasa udongo, kisha anauambia maneno ambayo sijawahi kuyasikia vizuri, nahisi ni yale yale aliyokuwa akiwaambia wanawake wodini. Halafu anakwenda zake kunywa chai.

Ugomvi wetu mkubwa ni wa kupunguza miche. Anayelima nyumbani analijua hili: mbegu ndogo kama za mchicha na karoti huota zimesongamana, na usipong'oa baadhi, zote zitadhoofika kwa kugombea maji na mwanga. Unauacha mche wenye nguvu, unang'oa jirani zake, unasogea mbele. Mimi naifanya kazi hiyo bila kupepesa jicho. Dada haifanyi. Hajawahi kuifanya hata siku moja.

"Mimi kazi yangu ilikuwa kupokea," anasema. "Kuchagua sikufundishwa."

"Basi utavuna karoti nyembamba kama uzi wa kutungia shanga."

"Nitavuna. Wewe inakuwasha wapi?"

Na kweli huvuna vikaroti vya ukubwa wa kidole cha mtoto, anavichemsha na majani yake, anakula mbele yangu polepole na kusema ni vitamu kuliko vyangu. Uongo mtupu, lakini anausema kwa raha hadi nami natamani kuonja.

Tunagombania na mengine. Yeye anapenda matandazo, nyasi kavu anazozitandika juu ya udongo ili unyevu usikimbie. Mimi nasema anawatandikia konokono kitanda cha kulala. Mimi nanyofoa vichipukizi vinavyoota kwenye kwapa la jani la mnyanya, ili nguvu iende kwenye matunda; yeye anapita nyuma yangu akisema nimewanyonga wasio na hatia. Lundo la mboji ananiambia niligeuze, namwambia nimeligeuza, anaingiza mkono ndani, akikuta ubaridi ananiita mwongo. Mboji inayooza vizuri huwa na joto, na mkono wake haudanganyiki.

Jirani yetu, fundi viatu, ambaye dirisha lake linatazama kiwanja chetu, huja kutusuluhisha. Anasikiliza upande wangu, anasikiliza upande wa Dada, anatikisa kichwa, na anaondoka na fungu la mchicha. Kesi yenyewe hajawahi kuiamua.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi, na kama ungeniuliza wakati ule ningekuambia nimechoka naye kupita kiasi.

Macho yake yalianza kumwacha taratibu, naye akafanya siri. Alimimina chai pembeni ya kikombe akasema meza imeinama. Aliacha kusoma akasema siku hizi watu hawaandiki cha maana. Asubuhi moja alilisalimia koti langu lililokuwa limetundikwa mlangoni, tena akaliuliza limeamkaje. Nilicheka mbavu zikauma. Nilimwita fundi viatu aje acheke na yeye. Kisha jioni, nikiwa peke yangu naosha vyombo, nikalikumbuka lile koti na sikucheka tena.

Nilimpeleka hospitali kwa hila. Nilimwambia twende tukanunue mbegu za pilipili hoho, na tulipofika langoni akanusa dawa akajua. Lakini mtu aliyefanya kazi hospitali miaka yote hawezi kugeuka langoni, anaona haya mbele ya wauguzi. Daktari wa macho, mwanamke wa umri wa mabinti zake, alimulika jicho moja, akamulika la pili, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia limeshakomaa. Upasuaji wenyewe ni mdogo. Lakini akiendelea kungoja, kazi itakuwa ngumu zaidi, na ipo siku hataona kitu.

Dada yangu, aliyewasukuma sijui wanawake wangapi kwenda chumba cha upasuaji kwa ukali wake, alikunja mikono kifuani.

"Watoto wote nimewatoa mimi," alimwambia daktari. "Huyu wa jicho mwache akae."

Daktari alicheka, akampangia siku mwishoni mwa mwezi uliofuata, akamwomba aje. Tulipofika nyumbani Dada alivua viatu, akaniambia haendi, na nisimletee habari hiyo tena.

Niliileta kila siku. Nilibembeleza, nilifoka, nilisusa chakula nikashindwa maana njaa iliniuma. Mwisho alinikalisha chini, akaniambia kwa sauti aliyokuwa akiitumia nilipokuwa mdogo na nina homa.

"Sikiliza. Kidogo ninachokiona nakijua. Mlango naujua. Wewe nakujua. Kitanda changu nakijua. Wakikosea huko, nitabaki na nini?"

Sijui chochote juu ya macho ya watu. Nilijua tu kwamba nina hofu. Nilikihofia kisu chake cha kupogolea matawi, niliihofia ngazi ya mlango wa nyuma, nilihofia maji ya moto. Lakini hofu iliyoninyima raha ilikuwa nyingine: kwamba Dada angeingia gizani, akakaa kwenye kiti ukumbini na kunyamaza, na mimi ningeamka kila siku ndani ya nyumba isiyo na mtu wa kuniambia nimekosea. Nampenda dada yangu. Sijui kwa nini watu wanaona neno hilo gumu kulitamka, mimi nimelitamka hapa na bado nina meno yangu.

Siku moja nilikwenda kununua vifungo, maana bado nashona viraka vya watu. Niliporudi nilimkuta amesimama ukingoni mwa kitanda chake cha karoti, amechafuka udongo mpaka viwikoni, anatabasamu.

"Nimepalilia," alisema. "Njoo uone, wewe unayependa usafi."

Nilisogea. Karoti changa ina majani membamba yaliyochanika chanika, na kuna magugu yanayofanana nayo sana yakiwa bado machanga. Mwenye macho mazuri anayatofautisha kwa kuyatazama. Dada alikuwa ameng'oa karoti zote. Magugu ndiyo aliyoyaacha, ameyapalilia, ameyamwagilia kwenye shina bila kulowesha majani, vile inavyotakiwa, na katikati yake ametandika nyasi kavu kwa uangalifu. Yalikuwa magugu yaliyotunzwa kuliko magugu yoyote niliyowahi kuyaona. Karoti zenyewe zilikuwa juu ya lundo la mboji, zimeshaanza kunyauka.

Nilifungua mdomo. Siku nyingine yoyote ningepiga kelele, ningemwita fundi viatu aje ashuhudie, ningelisema jambo hilo mpaka mvua za mwaka ujao. Nilimtazama usoni. Alikuwa anangoja nimwambie kitu, amenyoosha shingo kidogo kuelekea niliposimama, na macho yake yalikuwa yametua kando kidogo ya uso wangu.

"Pazuri," nilisema. "Pazuri sana, Dada."

Alikunja uso. "Umesema?"

"Nimesema pazuri."

Alikwenda kunawa mikono.

Alfajiri iliyofuata niliamka kabla yake. Niling'oa yale magugu, nikayatupa nje ya uzio. Kisha nikaenda kwenye kitanda changu mwenyewe, ambako nilikuwa na karoti za umri ule ule, nikapiga magoti na kijiko cha jikoni.

Hapa lazima nieleze, kwa asiyejua. Mchicha unahamishika. Nyanya, kabichi na pilipili unazisia kwenye kitalu, unazipunguzia maji na kuzizoesha jua kidogo kidogo, kisha unazihamishia bustanini zikishapata nguvu. Karoti hazihamishwi. Karoti unaipanda pale pale itakapoishi, kwa sababu ule mzizi ndio karoti yenyewe, na ukiugusa unapinda au unagawanyika. Ni somo la kwanza kabisa, hata mtoto anafundishwa. Aliyenifundisha mimi ni Dada, na siku niliyolisahau, nikiwa kijana, alinicheka mbele ya wageni.

Na bado nilizihamisha. Nilichimbua kila mche na donge la udongo wake, nikauteremsha kwenye shimo, nikaushindilia kwa kidole gumba, nikaumwagilia, nikausimikia kitawi cha kuukinga na jua. Nilikuwa najua kabisa kwamba nafanya ujinga. Lakini ningefanya nini? Kupanda mbegu upya kungechukua wiki mbili au zaidi kabla hazijachomoza, na yeye hupapasa kitanda chake kila baada ya siku chache. Kitanda changu kikabaki na mashimo.

Baada ya hapo nikawa mtu mwingine. Kila alichofanya nilikisifia. Alipotandika nyasi kwenye vitanda vyangu bila ruhusa, nilimshukuru. Vichipukizi vya nyanya niliviacha viote vinavyotaka. Aliponiuliza kama nimeligeuza lundo la mboji nilisema sijaligeuza, nisamehe, nageuza sasa hivi. Nilifikiri namfanyia wema. Niliona kama nabeba yai mkononi na sitaki kulibana.

Siku ya tatu au ya nne fundi viatu alibisha hodi, amevaa shati lake zuri.

"Poleni," alisema kwa sauti ya chini.

"Pole ya nini?"

"Si mna msiba? Kimya hiki ni cha nini? Mke wangu siku hizi anachelewa kuamka, hana kinachomwamsha."

Nilimfukuza. Aliondoka bila mchicha, na hilo pekee lingetosha kunionyesha kwamba mambo hayako sawa. Nilipogeuka nilimwona Dada amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote, na hakucheka.

Asubuhi yake aliniita kutoka bustanini. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha karoti, mkono wake mmoja uko katikati ya miche.

"Kitinda, hizi ni nini?"

"Karoti."

"Za nani?"

"Zako. Kitanda si chako?"

"Kitanda sijakiuliza." Vidole vyake vilikuwa vinatembea kutoka mche mmoja hadi mwingine, bila haraka. "Karoti zangu mimi hazijui foleni. Hizi zimesimama foleni."

Nilitazama. Alfajiri ile, pamoja na mawazo yote niliyokuwa nayo, nilikuwa nimefunga kamba. Hata sikukumbuka kuifunga. Mikono iliyoshona mishono iliyonyooka maisha yake yote ilijifungia kamba yenyewe, na karoti zilikuwa zimejipanga kuanzia mwanzo wa kitanda hadi mwisho.

"Na udongo umeshindiliwa," aliendelea. "Kila mche una kidole gumba cha mtu. Zimehamishwa."

Nikakificha kidole gumba changu.

"Mtu anayehamisha karoti ni mjinga, au ana huruma," alisema. "Wewe si mjinga, ingawa nimekuambia hivyo siku zote. Zangu nilizing'oa?"

"Ndiyo."

"Zote?"

"Zote, Dada."

"Nikabakiza nini?"

"Magugu."

"Nikayamwagilia."

"Ukayatandikia na nyasi. Yalinawiri vibaya sana."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka kigoda kikayumba, nami nikacheka naye, tukashikana mikono yenye udongo, tukacheka kwa kelele hadi pazia la fundi viatu likasogea. Kisha nikasikia kicheko chake kimebadilika, na alikuwa anafuta uso kwa sehemu ya juu ya mkono, pasipo na udongo.

"Mimi," alisema. "Mimi ambaye sijawahi kupunguza hata mche mmoja."

Nilikaa chini kando yake, kwenye matandazo.

"Kwa nini hukunigombeza?" aliuliza.

"Nilikuonea huruma."

"Hapo ndipo uliponitisha. Siku zote hizi unaniambia pazuri, pazuri. Nikajiuliza, kuna nini? Nikadhani daktari alikuvuta pembeni akakuambia nakufa, na wewe umekula yamini hutaniambia. Usiku silali, nasikiliza kama unalia."

"Hakuna aliyeniambia kitu."

"Basi nimeelewa sasa. Hali yangu ni mbaya kiasi cha wewe kuhamisha karoti." Alishika mche mmoja kwa ncha za vidole, akauachia. "Naogopa, Kitinda. Nimeingia vyumba vya upasuaji maisha yangu yote na sijawahi kulala mimi juu ya kile kitanda."

"Na mimi naogopa."

"Unaogopa nini wewe? Si utakuwa umekaa nje?"

"Naogopa ukae kwenye kiti ukumbini uninyamazie," nilisema. "Sina mtu mwingine wa kugombana naye. Ukiona vizuri, vizuri. Wakikosea, nitapanda mimi, wewe utapapasa, utanitukana kama ulivyofanya leo. Lakini ukikaa hivi hivi, siku moja utakata kidole badala ya tawi, na mimi nitasema pazuri."

Mkono wake ulikuwa unasawazisha udongo, ule ambao tayari ulikuwa sawa.

"Nipeleke," alisema mwishoni. "Na kuanzia sasa mpaka siku hiyo ukinisifia tena nakupiga na hiki kigoda."

Siku ilipofika nilimsindikiza mpaka mlango ambao watu wa nje hawaruhusiwi kuupita. Aligeuka akaniambia nyanya zimwagiliwe jioni, jua likishapoa, nisije nikazichemsha mizizi mchana. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kabla ya kuingia. Nilikaa kwenye benchi. Muuguzi mmoja alikuwa anapita pita na koti ambalo pindo lake limefumuka nyuma, na kila akipita nilitamani kumwomba asimame nilishone, maana mikono yangu ilikuwa inatafuta kazi. Sindano nilikuwa nayo. Nilijizuia, nikakaa, nikamwomba Mungu kwa maneno mafupi yale yale.

Walimtoa akiwa na bandeji juu ya jicho la kulia, anawafundisha wauguzi namna ya kufunga bandeji. Kesho yake bandeji ilitolewa chumbani kwa daktari, na mimi niliambiwa ningoje nje. Alitoka na miwani nyeusi kubwa iliyomfunika nusu ya uso. Nilimuuliza kama anaona. Alisema kuna mwanga mwingi sana na nisimpigie kelele. Daktari alituambia jicho litatulia siku baada ya siku, kisha watashughulikia na lile lingine. Akatoa masharti: asiiname, asinyanyue kitu kizito, maji yasiingie jichoni, na udongo asiuguse kabisa hadi atakapomruhusu.

Siku zile nilipata taabu. Alikaa chumbani mapazia yamefungwa, miwani haivui, jibu lake kwa kila swali lilikuwa "tutaona". Nilimpikia, nilimtia dawa ya matone, nilimwagilia vitanda vyake na vyangu. Sikumsifia, nilikuwa nimekatazwa. Lakini hata kunigombeza hakunigombeza, na nilianza kufikiri kwamba wamekosea kweli na hataki kuniambia. Nilikuwa nalala na hilo na kuamka nalo.

Alasiri moja nilikuwa nimepiga magoti kwenye kitanda chake, nikasikia mlango wa nyuma umefunguliwa. Alishuka ngazi peke yake, bila kushika ukuta. Jua lilikuwa limeshapoa. Alisimama, akavua ile miwani akaitia mfukoni. Kichwa chake kilikuwa kinageuka taratibu kutoka kitanda hadi kitanda.

"Nani," alisema, "ameziacha hizi nyanya ziwe msitu?"

"Wewe si ndiye uliyesema nisinyofoe vichipukizi?"

"Nilisema usinyofoe vyote! Hapo pana matunda mangapi? Majani matupu! Na fimbo za kuegemezea ziko wapi, au unangoja zilale zenyewe? Na hilo jani la kabichi limetobolewa na nini?"

"Konokono. Kutoka kwenye matandazo yako."

"Inama, tafuta. Mimi nimekatazwa kuinama, kusema sijakatazwa."

Niliinama. Alinipitisha kitanda kwa kitanda, amesimama wima, akinielekeza kwa kidole, na kidole chake kilikuwa kinagota pale pale penye kosa. Mche wa pilipili uliopinda. Vidukari upande wa chini wa jani, ambavyo mimi sikuwa nimeviona. Akaniambia nikachemshe pilipili na sabuni ya kipande ninyunyize. Mbavu zangu zilikuwa zinauma kwa kuinama na sijawahi kufurahi hivyo maishani. Fundi viatu alitoa kichwa dirishani akauliza kama aje kusuluhisha, na sote wawili tukamwambia ashughulike na viatu vyake.

Tulipofika kwenye karoti, Dada aliniambia ning'oe moja. Ilikuwa changa bado, lakini ilishaanza kutia rangi. Ilitoka imegawanyika sawasawa katikati, miguu miwili mirefu imepindana.

"Fundi cherehani," alisema. "Hata karoti umeishonea suruali."

Nilicheka peke yangu. Niliponyanyua uso nilimkuta hacheki, wala haitazami karoti.

"Njoo hapa."

"Kuna nini tena?"

"Njoo, nimesema."

Nilisimama, nikajipangusa magoti, nikasogea nikidhani ameona mdudu kwenye kola yangu. Alinishika kidevu kwa mkono wake mkavu, akanigeuza uso kuelekea kwenye mwanga. Jicho lake la kulia lilikuwa safi, lina maji kidogo pembeni. Lilianzia kwenye nywele zangu, likapita kwenye paji, likakaa chini ya macho, likashuka mashavuni, na kila lilipofika lilikawia.

"Umezeeka, Kitinda," alisema.

"Mtaa mzima unajua hilo."

"Mimi sikujua." Hakukiachia kidevu changu. "Nilikuwa naisikia sauti tu, na sauti yako haijabadilika. Kumbe muda wote huu nilikuwa nagombana na kijana."

Nilisema basi ameshaniona, nikageuka nirudi kwenye karoti zangu kabla hajaniona vizuri zaidi.

"Unakwenda wapi?" alisema, akanirudisha. "Simama hapo. Bado nakutazama."